Tumetenga Wengi, Tumerudisha Wangapi?

Hotuba kwa wazee wa kanisa na wainjilisti, iliyotolewa kwenye semina yao. Tunaiweka hapa yote kwa ajili ya ambao hawakuweza kufika.

Bwana Yesu asifiwe!

Wazee wangu, mama zangu, wainjilisti na wote mnaobeba kazi ya Bwana sharikani, nawasalimu. Mmenipa somo la nidhamu ya kanisa, na mmeniomba nianze na Mathayo 18. Nitaanza hapo hapo. Ila naomba tusianze na mstari wa 17, maana huo tunaujua wote kwa moyo: "na awe kwako kama mtu wa mataifa na mtoza ushuru." Umesomwa kwenye vikao vingi vya mabaraza yetu. Ukishasomwa, kikao kinafungwa kwa sala, jina linaingizwa kwenye orodha ya waliotengwa, na Jumapili inayofuata linatangazwa. Kazi imekwisha.

Je, imekwisha?

Rudini mstari wa 12. Pale kuna nini? Kuna mtu mwenye kondoo mia, mmoja amepotea. Anawaacha wale tisini na kenda, anakwenda milimani kumtafuta. Mstari wa 14 Bwana anasema haipendezi mbele za Baba kwamba mmoja wa wadogo hawa apotee. Ndipo, baada ya hayo, linakuja neno la kumwonya ndugu. Sasa shukeni hadi mstari wa 21. Petro anauliza amsamehe ndugu yake mara ngapi, hata mara saba? Anaambiwa hata saba mara sabini. Kisha unafuata mfano wa mtumwa aliyesamehewa talanta elfu kumi, akatoka akamkaba koo mwenzake kwa ajili ya dinari mia.

Mmeona mahali nidhamu ilipowekwa? Nyuma yake yuko kondoo anayetafutwa. Mbele yake liko deni lililosamehewa. Sisi tumechomoa mistari mitatu ya katikati, tukaiweka kwenye katiba zetu, na yale yaliyoizunguka tukayaachia mafundisho ya watoto wa Jumapili.

Na huyo mtoza ushuru, Yesu alimfanyia nini? Injili hii tunayoisoma ina jina la nani? Mathayo, aliyekuwa ameketi forodhani siku alipoitwa. Zakayo je? Bwana hakusimama chini ya mkuyu akamsomea mashtaka. Alisema leo imenipasa kushinda nyumbani mwako. Sipunguzi uzito wa mstari wa 17. Kuwa kama mtoza ushuru ni kuwa nje kweli. Lakini aliye nje ndiye Bwana aliyekuwa akimfuata kila siku, hata wakamsema kwa hilo. Kwa hiyo mtu akitengwa, kazi yetu juu yake haipungui. Inaongezeka.

Hilo ndilo nililolibeba kuja hapa, na nitalirudia hadi mlichoke: nidhamu ya kanisa haikamiliki siku mtu anapotengwa. Inakamilika siku anaporudi mezani pa Bwana. Baraza linalojua kutenga na halijui kurudisha limefanya nusu ya kazi, tena ile nusu rahisi.

Wapo watakaosema, basi Mchungaji, tuache nidhamu, kila mtu aishi anavyotaka na Mungu atahukumu. Hapana, wapendwa. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Tumewaona ndugu waliozama polepole mbele ya macho yetu kwa sababu hakuna aliyethubutu kusema neno. Huo si upendo. Tunaogopa kununiwa, tunajificha nyuma ya neno upendo.

Twendeni Korintho. Katikati ya miaka ya 50 baada ya Kristo, Paulo yuko Efeso, anapata habari kwamba katika kanisa la Korintho yuko mtu anayeishi na mke wa baba yake. Kila mtu anajua. Na kinachomuumiza Paulo zaidi ni kwamba kanisa halihuzuniki, linajivuna! Paulo hasemi, "Tumwombee tu." Anasema aondolewe miongoni mwenu. Anasema chachu kidogo hulichachua donge zima. Anasema maneno makali kuliko yote mnayoyajua, ya kumtolea Shetani mtu huyo. Lakini msiishie njiani. Malizeni sentensi: ili roho iokolewe katika siku ya Bwana Yesu. Hata pale ambapo Paulo ni mkali kupita kiasi cha masikio yetu, shabaha yake ni wokovu wa yule mtu.

Kisha fungueni barua ya pili, sura ya pili. Yuko mtu ameadhibiwa na kanisa. Wengi tangu zamani wamesoma kwamba ni yule yule. Wapo wanaosema ni mwingine, aliyemkosea Paulo mwenyewe. Kwa tunalolitafuta leo haidhuru. Mtu ameadhibiwa, ameumia, amehuzunika. Na Paulo anaandika, "Yamtosha mtu wa namna hiyo adhabu hiyo." Mumsamehe, mumfariji, asije akamezwa na huzuni yake ipitayo kiasi. Mumthibitishie upendo wenu.

Yamtosha! Wazee wangu, neno hilo lisingeandikwa kama pale Korintho hapakuwa na watu ambao kwao ilikuwa haijatosha. Wapo watu wa namna hiyo katika kila usharika. Mtu ametubu, ameacha, amelia, na wao bado wanataka kidogo tena. Paulo anawaambia wasipomsamehe, Shetani atapata nafasi. Tumezoea kufikiri kwamba Shetani huingia kanisani pale tunapolea dhambi. Ni kweli, huingia. Lakini Paulo anasema huingia pia pale tunapokataa kumpokea aliyetubu.

Basi nawauliza: kwenye usharika wenu, nani mwenye kazi ya kusema yamtosha? Wa kuleta mashtaka yupo. Wa kuandika muhtasari yupo. Wa kutangaza madhabahuni yupo. Wa kusema yamtosha ni nani?

Sasa nirudi nyuma kidogo, kabla mtu hajafika hata kwenye baraza. Bwana amesema, "enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu." Peke yenu. Hapa ndipo tunapoharibu mapema kabisa.

Katika usharika mmoja wa milimani niliotumikia nikiwa kijana, alikuwepo mzee wa kanisa ambaye sasa amelala katika Bwana. Mzee yule alianza kuona kwamba hesabu za paa la kanisa haziendi sawa. Mweka hazina alikuwa jirani yake na rafiki yake. Angeweza kusimama kwenye baraza akadai vitabu vifunguliwe, na asingekuwa na kosa. Yeye alisubiri jioni, akaenda nyumbani kwa mwenzake, wakaketi. Akamwambia, "Ndugu yangu, nimekuja kwa habari ya fedha za bati. Sijamwambia mtu." Mwenzake alikana. Mzee akaaga, akarudi siku nyingine. Akakana tena. Akarudi tena. Mwishowe yule bwana akainama, akasema: mke wake alilazwa, akatakiwa kulipia upasuaji, akachukua akidhani atarudisha kahawa ikiuzwa, na kahawa ikaja na bei mbaya.

Sikilizeni mzee alivyomjibu. Hakusema, "Basi yaishe, nitakufichia." Alisema, "Utaliambia baraza wewe mwenyewe, kwa kinywa chako, na mimi nitaketi upande wako." Ndivyo ilivyokuwa. Yule ndugu alisimama, akaungama. Baraza likamwondolea uweka hazina, likampa misimu ya kulipa, akalipa. Uweka hazina hakurudishiwa tena, na yeye hakuuomba. Lakini hakuna Jumapili aliyokosa mahali pa kukaa kanisani, na watoto wake hawakupigiwa kelele shuleni kwamba baba yenu mwizi. Waliojua ni wale waliopaswa kujua.

Leo jambo kama hilo linaanzia wapi? Kwenye kundi la WhatsApp la kwaya. Mchungaji anapofika kwa mhusika, mhusika ameshasoma kesi yake kwenye simu, pamoja na hukumu, pamoja na maoni ya watu wasiomjua. Unamwonya nini mtu ambaye ameshachomwa? Nabii Nathani alikuwa na habari nzito kuliko yo yote mtakayopewa ninyi: mfalme amezini na mke wa mtu na kumuua mumewe. Hakuipeleka sokoni Yerusalemu. Aliingia kwa Daudi, akamwambia machoni, "Wewe ndiwe mtu huyo." Na Daudi akasema, nimemfanyia Bwana dhambi.

Kwenda wewe mwenyewe kuna faida nyingine ambayo hatuisemi mara nyingi. Ukienda, wakati mwingine unakuta habari yenyewe si hiyo. Mama aliyesemwa kwamba amehama kwa mumewe unakuta alifukuzwa usiku na watoto. Kijana aliyeonekana kilabuni unakuta alikwenda kumtoa baba yake. Mkisema kwanza na kuuliza baadaye, mtatenga wasio na hatia, na hakuna tangazo litakaloosha jina hilo likaoshika.

Jambo lingine, na hapa naomba mnivumilie, maana nitasema wazi. Nidhamu yetu ina nyuso.

Mwaka 390, katika mji wa Thesalonike, watu walifanya ghasia wakamuua jemadari wa Kaisari Theodosius. Kaisari akatoa amri ya kulipiza. Askari wakawaangukia watu mjini, wenye hatia na wasio na hatia. Waandishi wa kale wanataja maelfu ya waliouawa. Theodosius alikuwa Mkristo, aliyebatizwa, tena ndiye mtawala aliyeipa imani ya Nikea, ile inayokiri kwamba Kristo ni Mungu kweli, nguvu ya sheria katika dola nzima ya Roma. Kwa lugha ya vikao vyetu tungesema ni mfadhili mkuu wa kanisa. Askofu wa Milano, mji aliokuwa akikaa Kaisari, alikuwa Ambrosi. Ambrosi angefanya nini? Wangapi kati yetu tungesema, "Mambo ya serikali hayo, tumwachie Mungu"?

Ambrosi alimwandikia barua. Aliiandika kwa mkono wake mwenyewe, ili Kaisari aisome peke yake. Mnaona? Peke yenu! Ndani ya barua alimkumbusha habari ya Daudi, akamwomba atubu, akamwambia waziwazi kwamba hataweza kuadhimisha Meza ya Bwana akiwepo yeye. Na Theodosius alitubu. Aliweka kando mavazi ya utawala, akaungama kanisani mbele ya watu kama mwenye dhambi mwingine ye yote, na baada ya miezi ya toba akapokewa tena mezani, kwa Krismasi. Alipofariki Januari 395, aliyehubiri kwenye maombolezo yake ni Ambrosi huyo huyo, na alisema alimpenda mtu huyu aliyemthamini mwenye kumkemea kuliko mwenye kumsifu kwa uongo. Nidhamu iliyofanywa vizuri haikuwaachia uadui.

Sasa njooni kwetu. Binti wa kwaya, mtu mzima, ameshamaliza shule, amepata mimba nje ya ndoa. Baraza limeketi, ametengwa, amevuliwa joho la kwaya, Jumapili amekalishwa benchi la nyuma, na tumbo linaonekana na kila anayeingia. Ni dhambi? Ni dhambi, sikatai. Lakini aliyempa mimba ni mpiga kinanda, na Jumapili ile ile yuko mbele anapiga kinanda! Aliulizwa, akakana, na baraza likasema hakuna ushahidi. Ushahidi wa binti ulitosha, kwa kuwa uliota mwilini mwake. Huo ni uadilifu gani? Katika Yohana 8 walimleta mwanamke aliyefumaniwa katika kuzini. Alizini na nani? Mwanamume alikuwa wapi?

Na yuko ndugu mwenye uwezo, kila mtu anajua ana nyumba ya pili upande wa pili wa mji. Lakini ndiye aliyetoa mabati. Ndiye mgeni rasmi wa kila harambee. Nani amekwenda kumwonya? Tunasema tunamwombea. Binti hatukumwombea, tulimtenga. Kama tuna nidhamu kwa maskini na maombi kwa matajiri, hiyo si nidhamu ya Kristo. Yakobo ameshatuandikia habari ya kumketisha mwenye pete ya dhahabu mahali pazuri, na maskini akaambiwa asimame kule.

Tena niongeze hili kwa ufupi: mtu kushindwa kumaliza ahadi yake, bahasha zake zikarudi tupu, si dhambi ya kutengwa. Nasikia wako wanaonyimiwa watoto wao ubatizo kwa sababu hiyo. Acheni.

Na binti wa shule je? Tangu zamani hapa Tanzania msichana akipata mimba alifukuzwa shule, na mlango ukafungwa. Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba anaweza kurudi darasani baada ya kujifungua. Nilipoisikia habari ile niliona aibu kwa ajili yetu. Serikali imemwekea njia ya kurudi. Kanisa, lililopewa Injili ya mwana mpotevu, limemwekea benchi la nyuma. Mtoto yule mara nyingi ametendewa na mtu mzima. Aliyetendewa jinai hatengwi. Anafarijiwa, anasimamiwa, anatafutiwa haki.

Sasa tufike kwenye kurudi kwenyewe. Watu hufikiri kwamba swali la kuwarudisha walioanguka ni la juzi. Kanisa liliumwa nalo mapema sana. Mwaka 250 Kaisari Decius aliamuru watu wote katika dola watoe sadaka kwa miungu na kupewa hati ya kuthibitisha. Hati za namna hiyo zimefukuliwa kutoka mchanga wa Misri, zinasomeka hadi leo. Wakristo wengi walikufa kuliko kutii. Wakristo wengi zaidi waliogopa: wengine wakatoa sadaka, wengine wakawapa maofisa rushwa wapate hati bila kutoa. Dhoruba ilipopita, wakaja mlangoni kwa kanisa wakilia. Mngefanyaje?

Kule Roma, kasisi Novatianus alisema hapana, kanisa halina mamlaka ya kuwapokea waliomkana Kristo. Upande wa pili walikuwapo walioanza kugawa msamaha kwa barua, kwa makundi, bila kuuliza kitu. Sipriani, askofu wa Karthago kule Afrika Kaskazini, alizikataa njia zote mbili. Mwaka 251 yeye na maaskofu wenzake waliketi, wakaamua kila mtu asikilizwe kwa habari yake. Aliyenunua hati hawezi kupimwa sawa na aliyekimbilia madhabahu ya miungu kwa miguu yake, na aliyekwenda kwa miguu yake si sawa na aliyeburutwa. Toba iwepo, iwe ya kweli, iwe na muda. Na aliyekaribia kufa asiachwe. Kisha, muda si mrefu, dalili za mateso mengine zilipoonekana, maaskofu wale wale wakasema: wote waliokuwa wanaendelea na toba wapokewe sasa, hata kabla muda wao haujatimia, kwa maana tutawapelekaje vitani bila mwili na damu ya Bwana?

Hapo wazee wangu mimi huguswa sana. Waliwarudisha mapema kwa sababu hatari ilikuwa karibu. Sisi mtu akiwa hatarini ndipo tunamkumbusha kwamba ametengwa.

Mnajua ninasema nini. Nasema habari ya misiba. Mtu ametengwa miaka mingi, hakuna aliyemtembelea. Anaugua, hakuna aliyekwenda. Anafariki, ndipo baraza linakutana haraka, muhtasari unatafutwa, na familia inaambiwa kanisa halitamzika. Jeneza liko uani, mama analia, na sisi tunafungua kanuni. Miaka yote ile tulikuwa wapi? Maaskofu waliokutana Nikea mwaka 325, watu wasiochezea dhambi hata kidogo, waliandika kwamba anayeaga dunia asinyimwe chakula cha mwisho cha safari, yaani Meza ya Bwana. Wakaiita sheria ya zamani, wala si jambo jipya. Mzee wa kanisa anayesikia kwamba mtu wake aliyetengwa amelazwa, aende leo, ampeleke mchungaji leo. Kikao kitakuja baadaye.

Na msitenge watu kwa makundi. Mwaka 1929, kule Kenya katika nchi ya Wakikuyu, wamisheni walitaka Wakristo wakatae tohara ya wanawake kwa kiapo cha kutia kidole gumba. Jambo lenyewe, la kuwalinda wasichana na kisu kile, lilikuwa la haki. Nalisema bila kuyumba. Lakini waliojiunga na Kristo walipangwa mstari mmoja, kidole au nje, na katika majuma machache maelfu wakatoka, wakaanzisha shule na makanisa yao, na wengi hawakurudi. Kidole gumba hakikuweza kufanya kazi ya kuketi na mtu mmoja mmoja.

Mtaniuliza, mtu arudishwe vipi? Nitasema ninayoyaamini.

Siku anapotengwa aambiwe njia ya kurudi. Asiondoke chumbani bila kujua anatakiwa kufanya nini, hadi lini, na nani atakayetembea naye. "Umetengwa" bila mwisho ni kifungo cha maisha, na baraza la wazee halikupewa mamlaka hayo. Huyo wa kutembea naye awe mtu mwenye jina, mzee au mama wa jumuiya, si "kanisa litakuangalia". Kanisa zima likiangalia, hakuna aangaliaye. Galatia 6 inasema mrejezeni kwa roho ya upole, ukijiangalia nafsi yako. Mfupa uliovunjika huungwa na mkono usio na haraka wala hasira, na bado unauma. Mkono wenye hasira huuacha umepinda.

Na ibada ya kurudi kundini tuifanye vizuri. Nimeona mtu anaitwa mbele, anapigishwa magoti, anaulizwa maswali, na sisi wengine tumeketi tumekunja mikono kama mahakimu. Katika Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukapita Uganda hadi kwetu Bukoba na kwingineko, watu waliungama waziwazi, na yalikuwapo yaliyozidi mipaka, sitaki kuyafunika. Lakini walikuwa na jambo moja ambalo sisi tumelipoteza: aliyesimama kuungama alikuwa katikati ya watu ambao nao waliungama jana na wataungama kesho. Hakuwa mwenye dhambi pekee ukumbini. Basi siku ya kumrudisha mtu, ungamo la dhambi tulisome wote, tukiwa tumepiga magoti wote, mchungaji wa kwanza. Kisha jina lake litangazwe kwa sauti ile ile tuliyotangazia kutengwa kwake. Ile ile! Kutenga tunakutangaza madhabahuni, kurudisha tunakunong'ona ofisini. Kwa nini? Na akirudi, mwenye kumkumbusha dhambi yake akemewe yeye.

Nimebakiwa na jambo moja, na ni la lazima, kwa sababu maneno yote niliyosema yanaweza kutumiwa vibaya. Yuko mtu atakayesema: Mchungaji amefundisha msamaha, kwa hiyo jambo la mwalimu wa watoto lizungumzwe kimya kimya, ametubu, yaishe. Hapana! Nasema mbele zenu wote, hapana. Aliyemdhuru mtoto hapelekwi kwenye baraza la wazee kwanza. Anaripotiwa. Polisi kuna dawati la jinsia na watoto, nendeni huko, mwende siku hiyo hiyo. "Peke yenu" ya Mathayo 18 ni ya ndugu aliyekukosa wewe. Si ya kumtuma mtoto akaonane chumbani na aliyemdhuru. Kanisa linaweza kumtembelea mtu gerezani, likamhubiria, likampa sakramenti akitubu. Hilo ni letu. Kumficha si letu.

Vivyo hivyo kwa mchungaji au mzee aliyeanguka. Paulo anamwambia Timotheo asikubali mashtaka juu ya mzee ila kwa mashahidi wawili au watatu, na hapo hapo anasema wadumuo kutenda dhambi wakemewe mbele ya wote. Kurudi mezani ni jambo moja. Kurudi kwenye kazi ni jingine. Meza ni ya kila atubuye. Ofisi ni ya yule ambaye kondoo wanaweza kulala usingizi akiwa mlinzi. Kumbukeni yule mweka hazina: alirudishwa kabisa kuwa ndugu, na funguo za sanduku zikabaki kwa mwingine. Hakuna ugomvi kati ya mambo hayo mawili. Wapo pia wanaorudi hata kwenye kazi. Marko aliyewaacha Paulo na Barnaba njiani, Paulo hakutaka kumwona safari iliyofuata. Miaka baadaye anaandika kutoka gerezani, umtwae Marko uje naye, maana anifaa kwa utumishi. Lakini muda ulipita, na Marko alikuwa ameonekana mwaminifu.

Sasa nawaachia kazi. Baraza lenu litakapoketi, kabla ya taarifa ya mapato, ombeni orodha ya waliotengwa iletwe mezani. Isomwe jina kwa jina. Utakuta wengine wameshakufa. Utakuta wengine wamekwenda kusali makanisa mengine mtaani. Nao watembelewe, na kama wametulia huko wapewe barua ya amani, wasiishi wakidhani wana deni kwetu. Kwa kila jina lililobaki, chagueni wawili, mzee mmoja na mama mmoja. Waende, na wasiende na karatasi ya mashtaka. Waulize habari za nyumbani, wasikilize, waombe naye kama atakubali. Akiwafukuza, warudi mwezi unaofuata. Katibu aandike nani alikwenda, lini, na alijibiwa nini, na kikao cha pili kianze na taarifa hiyo.

Kama ana uchungu na kanisa, msimjibu. Msikilizeni hadi amalize. Wengine wana haki ya uchungu huo, na baraza likiona lilimtenga kwa uonevu, limwendee lote na kumwomba radhi kwake nyumbani, kisha litangaze hivyo kanisani Jumapili.

Asanteni kwa kunisikiliza. Tunayo nusu saa ya maswali, na ningependa tuanze na akina mama.